Barabara nyekundu ya Mombo nimeiharibu mara tatu, ya nne ndo nikaelewa rangi za maji zinataka nini

Vumbi_Jekundu:

Wakuu habari za jioni. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite tu hatugombani.

Mi nachora rangi za maji kwa kujifunzia mwenyewe, kazi yangu ya mchana ni nyingine kabisa. Nlianza miaka minne ilopita nlipoachiwa boksi la rangi na jamaa aliekua anahama, na toka hapo kila nlichochora kilikua kinatoka kama kimefuliwa na jiki. Mlima umepauka, bahari imepauka, hata embe bivu nlilichora likaonekana linaumwa. Nikajiaminisha kwamba ndo zilivyo, rangi za maji ni za upole, ukitaka kitu kiwake nenda kwenye rangi za mafuta. Na video nlizokua naangalia nyingi ni za wazee wa Uingereza wanachora mvua na ukungu na kondoo, kwahiyo nikaona sawa tu, mambo ndo hayo.

Sasa mwaka jana mwezi wa nane nikawa Mombo siku nne. Anaeijua ile njia anajua. Ukitoka Korogwe una mkonge pande zote mbili, alafu ukuta wa Usambara umesimama mkono wako wa kulia mrefu mpaka unachoka kuuangalia, na jioni jua likiwa linashuka upande wa pili linaupiga ule ukuta usoni kabisa. Kuna njia ya vumbi inaingia shambani, udongo wake mwekundu sio wa kusimuliwa, ule mwekundu wa soksi zisizotakata tena. Nikasema hii lazima niichore.

Picha ya kwanza nlichanganya kahawia ya upole nikaipaka njia, mbichi ilionekana safi sana, nikaenda kula, narudi imekauka imekua rangi ya maziwa ya kopo. Hii kitu hakuna alieniambia mapema, rangi ya maji ikikauka inapungua ukali. Ile unayoiona mbichi inang'aa sio utakayolala nayo. Kwahiyo ukipaka kwa woga ikakauka unabaki na woga wenyewe tu.

Ya pili nikasema leo naikolesha. Mkono wa kwanza, ukakauka, mkono wa pili, wa tatu, nadhani nlifika wa tano, na karatasi yenyewe ilikua manila ile ya chati za shuleni. Ilianza kutoa nyuzinyuzi kama sweta la mtumba, rangi ya chini ikaamka ikachanganyika na ya juu, mwisho wa siku nina tope. Tope halisi, lile la mbele ya nyumba baada ya mvua, halina wekundu wala nini.

Ya tatu hasira. Nikatoa rangi kali zote kwenye boksi. Mlima pinki, mkonge kijani kile kikali cha kwenye tyubu bila kukigusa, njia chungwa, mbingu bluu ya bendera. Dada yangu kapita kaangalia kaniuliza "hii sherehe ya nani?" Ilikua kama mtu kavaa kanga tatu tofauti kwa mpigo na kilemba juu. Kila kitu kinapiga kelele alafu ajabu njia yenyewe, ile nlioifuata mimi, haionekani hata.

Siku ya nne sikuchora asubuhi. Nlikaa kwenye jiwe nikakodoa, alafu nikafumba macho nusu hivi, na hapo ndo nikaona kitu ambacho siku tatu kilikua mbele yangu. Mkonge sio kijani jamani. Mkonge ni kijivu. Ni kijivu chenye ukijani na ubluu kwa mbali na vumbi juu yake, na njia inaonekana nyekundu vile KWA SABABU imelala katikati ya kile kijivu. Ningeuacha mkonge upoe njia ingewaka yenyewe bila hata kuongeza kitu.

Kwahiyo jioni nikatumia tyubu nne tu: ultramarini (bluu iliyokolea), siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), kwinakridoni ya magenta (pinki nzito inayoelekea zambarau), na njano moja. Mbingu nikaipaka maji mengi rangi kidogo, nyepesi kama chai ya rangi ilomiminwa mara mbili. Mlima nikaufanya mzito kidogo, ultramarini na magenta kwa vivuli, na palipopigwa jua nikadondosha njano na siena wakati bado pabichi vikapandana vyenyewe sikuvigusa. Mkonge ultramarini na siena, hizo mbili zikikutana zinauana zinatoa kijivu kizuri sana, nikaongeza njano kiduchu. Njia sasa. Njia nlichanganya siena na magenta na njano, maji kidogo mno, mzito kama uji wa ulezi, nikajaza brashi kubwa, nikapita MARA MOJA kutoka chini kwenda juu, nikaweka brashi chini, nikanyanyuka nikaenda kununua soda ili nisirudi kuigusa.

Nliporudi imekauka, imepungua kidogo, na bado nyekundu. Nyekundu ya Mombo kabisa.

Sasa najiuliza ni mimi peke yangu niliechelewa hivi au kuna wengine mlipitia? Wanaochora mandhari kwa rangi kali mseme mnafanyaje.

KijanaWaVoi:

Umenikumbusha nyumbani boss. Huku Voi tuko na hiyo shida kila siku, udongo wa Tsavo ni mwekundu mpaka ndovu wenyewe wanakuwa wekundu, wanajipaka vumbi. Niliwahi chora ndovu watatu na hiyo rangi yao, kuna mtu akaniambia nimetia chumvi ati ndovu ni wa kijivu. Nikamwambia panda treni ukuje uone.

Lakini mimi shida yangu ni milima ya Taita kwa nyuma. Nikiipaka kali inakuja mbele inakalia ndovu. Nikiipaka nyepesi inapotea. Hapo mnafanya aje?

Mpinga_Kelele:

Mtanisamehe ila mimi naona hii ya rangi kali ni ugonjwa wa simu. Watu wamezoea picha zilizovutwa rangi kwenye programu mpaka macho yameharibika, sasa wanataka na karatasi iwe hivyo hivyo. Raha ya rangi za maji ni ule wepesi wake, maji yenyewe yanaonekana. Kama mtu anataka kitu cha kuwaka si achore tingatinga tu? Ile imeumbwa kwa kazi hiyo.

Vumbi_Jekundu:

@KijanaWaVoi mlima wa mbali usiupunguze ukali tu, upunguze joto. Hewa ya katikati yako na mlima inatawanya mwanga wa bluu unaofunika wekundu na unjano wa mlima, ndo maana milima ya mbali inakua bluu hata kama imejaa udongo ule ule mwekundu. Kwahiyo unaweza kuipaka Taita bluu iliyokolea kweli kweli na ikabaki nyuma, ilimradi usiweke kitu cha moto ndani yake na kingo usizikate kwa wembe. Mbele ndo uweke joto na kingo kali.

@Mpinga_Kelele hoja yako naiheshimu mkuu ila tingatinga ni mambo mengine. Ile inachorwa na rangi ya mafuta ya kung'aa, ya makopo, juu ya ubao. Rangi imeziba kila kitu, mwanga unagonga juu unarudi. Ya kwetu mwanga unapita ndani ya rangi, unagonga karatasi nyeupe chini, unarudi ukiwa umevaa rangi. Ndo maana picha yangu ya mikono mitano ilikufa, nlikua nimeizimia taa ya chini. Rangi kali na maji sio maadui, ukali unaotokana na mkono mmoja mzito bado unaona karatasi inapumua.

Mwl_wa_Zamani:

Nimefundisha sanaa sekondari miaka mingi kabla somo halijaanza kuonekana la watoto wasiojua hesabu. Nimefurahi kuona vijana mnabishana kuhusu kijivu.

Ndugu Mpinga Kelele, upole sio asili ya rangi za maji, ni mazoea ya watu na nchi zao. Mchoraji Turner alikuwa Mwingereza wa mvua hiyo hiyo, na mwaka 1842 alichora mlima Rigi wa Uswisi wakati jua linakaribia kutoka, mlima mzima bluu, na mwanga wa manjano ukichungulia nyuma. Mlima mmoja, bluu moja, na ile manjano ndogo. Huwezi kusema ni kelele na huwezi kusema imepauka.

Ila mtu ninayependa kuwatajia wanafunzi ni Albert Namatjira, mwenyeji wa asili wa Australia, wa kabila la Arrernte, alizaliwa 1902 akafariki 1959. Kwao ni jangwani katikati ya nchi ile, udongo mwekundu, majabali ya zambarau, miti yenye magamba meupe pee. Alijifunza rangi za maji mwaka 1936 kwa kufuatana na mchoraji mmoja mzungu, Rex Battarbee, huku yeye akimwonyesha njia za porini, na mwaka 1938 akafanya maonyesho yake Melbourne picha zote zikaisha. Watu wa pwani kule walidhani zambarau ile kaitunga. Hakuitunga, ndivyo majabali yale yanavyokuwa jioni. Na mkiangalia kazi zake mtaona jambo hilo la mkonge wa Mombo: shina la mti jeupe, karatasi tupu karibu, ndilo linaloifanya zambarau iimbe.

Jambo la pili, acheni manila kwa kazi ya maji mengi. Ni ya chati. Tafuteni karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye pamba kama mfuko unaruhusu, hata kama ni kuikata vipande vinne kila mmoja achore padogo.

Vumbi_Jekundu:

Shikamoo mwalimu. Asante sana, na manila nimeshaachana nayo kabisa, picha ya nne nlichora kwenye karatasi nliyoazima.

Mwl_wa_Zamani:

Marahaba. Karatasi haiazimwi mwanangu, inaombwa.

BrashiKavu_Dodoma:

😂😂 mwalimu kamaliza

Mi nipo Dodoma, tatizo langu kinyume. Nyie wa Tanga na Dar rangi yenu inachukua nusu saa kukauka mnapata muda wa kudondosha njano kwenye mlima sijui nini. Huku mwezi wa tisa na ule upepo, napaka mbingu sijafika katikati pembeni pameshakauka pameweka mstari kama ramani ya wilaya. Nikitaka rangi ikolee lazima iwe nzito, ikiwa nzito ndo inakauka haraka zaidi. Nimejaribu kuchorea bafuni. Kweli. Wife alinifungia.

KijanaWaVoi:

Loanisha karatasi pande zote mbili kwanza, ilaze juu ya kipande cha plastiki au kioo, inashika kama imebandikwa na inakaa bichi muda mrefu. Alafu ukuwe umechanganya rangi YOTE kabla brashi haijagusa karatasi, nyingi kuliko unavyodhani. Mimi hicho ndio kilikuwa kinaniua, naishiwa na rangi katikati ya mbingu naanza kuchanganya nyingine, haifanani, na ya kwanza ishakauka.

BrashiKavu_Dodoma:

Kioo! Nina kioo cha meza ya sebuleni. Wife ajiandae tena

Binti_wa_Hamburg:

Jamani niingie. Nipo Ujerumani mwaka wa sita sasa. Huku kaskazini karibu kabisa na mpaka wa Denmark kuna nyumba ya mchoraji Emil Nolde, Seebüll, imekua makumbusho ya kazi zake. Nlienda siku ya baridi, nje kila kitu kijivu, mbingu kijivu, shamba kijivu, ng'ombe hawapo, nikaingia ndani nikakutana na mawingu mekundu na bahari ya zambarau, rangi za maji tupu, nikasimama nimeduwaa. Alikua anatumia karatasi ya Kijapani inayonywa, anailowanisha, rangi inazama ndani hailali juu. Yaani ni kama ametia rangi kitambaa. (Yeye kama mtu alikua na siasa za hovyo sana, alijiunga na chama cha Hitler, na bado Wanazi hao hao wakazikataa kazi zake. Namsifia mkono sio moyo.)

Ninachotaka kusema, wepesi tunaodhani ni wa Ulaya nzima ni wa sehemu tu. Wachoraji August Macke na Paul Klee walikwenda Tunisia Aprili 1914 na rafiki yao Moilliet, wiki kama mbili tu, wakarudi na rangi za maji zilizobadilisha kazi zao. Macke alikua anakata mandhari kwa vipande vipande, ukuta, mlango, punda, kila kimoja rangi yake safi, hakuzichanganya. Septemba mwaka huo huo akafa vitani. Kwahiyo hata wao walilazimika kusafiri mpaka Afrika ndo wakathubutu. Sisi tunaozaliwa ndani ya hiyo rangi ndo tunaiogopa.

Mpinga_Kelele:

Haya nimekubali nusu. Nusu. Nlichokua napinga mimi ni ile picha yake ya tatu, ya kanga tatu. Na yeye mwenyewe kaipinga. Kwahiyo hatukua na ugomvi.

Swali ila la kweli, kijani. Masika huku kwetu Bukoba kila kitu kijani, migomba, majani, chai, hakuna udongo mwekundu wa kuniokoa wala mkonge wa kijivu. Nikitumia kijani cha tyubu inakua plastiki. Nikikipunguza inakua kama nimechora Ulaya.

Vumbi_Jekundu:

Kile kijani ni thalo, kwenye tyubu kimeandikwa PG7 (hiyo ni namba ya rangi yenyewe), kimetengenezwa kwanza miaka ya 1930, ni kikali hatari, tone moja linachafua paleti nzima na kikishika karatasi hakitoki. Dawa yake usikitumie peke yake hata siku moja. Kitie siena iliyochomwa kinakua kijani cha jani la mgomba lililopigwa jua, kitie magenta kidogo kinakua kijani cha ndani ya msitu, ukizidisha kinakua karibu na cheusi na hicho cheusi ni kizuri kuliko cha tyubu. Na njano kwa migomba michanga. Vijani vitatu tofauti, cha moto, cha baridi, cha kiza. Alafu kumbuka jani la mgomba lina mgongo unaorudisha mbingu, pale juu linakua karibu bluu nyepesi au jeupe kabisa. Acha karatasi pale.

Mwl_wa_Zamani:

Na kabla hujaamua kama imekolea, ipige picha kwa simu uigeuze nyeusi na nyeupe. Kama vijani vyote vimekuwa kijivu kimoja, tatizo lako halikuwa rangi, ni mwanga na kivuli. Watu wengi wanaongeza rangi mahali palipohitaji giza.

Mama_Bogi:

Naomba niwaharibie sherehe kidogo. Rangi kali nyingine zinakufa.

Nlichora bogonvilia za ukuta wa baraza, pinki ile ya kuumiza macho, nlitumia tyubu ya pinki ya kung'aa inayouzwa sana. Hoteli moja ikanunua ikaitundika mapokezi, dirisha liko mbele yake. Baada ya miezi kama minane wakaniita. Bogonvilia zimekua nyeupe. Ukuta upo, kivuli kipo, chungu kipo, maua yamekimbia. Nlirudisha hela na nikarudi nyumbani nimeibeba kwapani kwenye daladala, kila mtu anaitazama.

Tangu hapo kila rangi mpya nakata kipande cha karatasi, napaka mstari, nusu naifunika na karatasi nene, nabandika dirishani linalopigwa jua. Miezi mitatu naifunua. Pinki ile ilishaniaga wiki ya tano. Magenta mnayoisema, ile iloandikwa PR122, imenikalia vizuri. Alizarini ya zamani, PR83, nayo haiaminiki. Soma namba ndogo nyuma ya tyubu, jina la mbele ni biashara.

Vumbi_Jekundu:

Aisee Mama Bogi pole sana. Hiyo ya daladala imeniuma.

Mwl_wa_Zamani:

Asiyetaka kuhangaika na namba atumie udongo. Wekundu wa Mombo, wa Tsavo, na wa siena kwenye tyubu ni kitu kimoja, ni chuma kilichopata kutu. Jua haliufanyi kitu. Nendeni Kolo, Kondoa, mkaone michoro ya miambani, wekundu wake bado upo baada ya karne na karne, na UNESCO imeiandikisha kama urithi wa dunia tangu 2006.

Nimewahi kuitengeneza na wanafunzi. Chukua udongo, koroga kwenye ndoo ya maji, subiri sekunde chache mchanga uzame, mimina maji yale mekundu kwenye chombo kingine, acha yatulie siku mbili. Kinachobaki chini ni laini kama poda. Kausha, kisage juu ya kioo na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa, ile inayotoka sana Sudan, tone la asali ili isipasuke. Hiyo gundi ndiyo iliyomo kwenye tyubu zenu za bei. Wanafunzi wangu walichora uwanja wa shule kwa udongo wa uwanja wa shule.

BrashiKavu_Dodoma:

Kioo tena. Mi na kioo cha sebule tuna kesi mwaka huu

KijanaWaVoi:

Mwalimu hii ya udongo nimeianza leo. Nimejaza ndoo. Mamangu ameuliza kama nimeanza kujenga.

Vumbi_Jekundu:

Wakuu nimerudi. Wiki ilopita nlipita Mombo tena nikachota udongo wa ile ile njia kwenye chupa ya maji ya nusu lita, konda akanikagua mara mbili. Nimeuchuja kama mwalimu alivyosema, gundi nimepata dukani kwa Mwarabu wa dawa za asili, vipande vidogo kama sukari guru. Nimesaga saa nzima mkono umekufa ganzi.

Nimepaka njia kwa ule udongo wenyewe, mkono mmoja mzito. Sio mkali kama ile ya siena na magenta, una uvumbi fulani, una chembechembe zinazokaa kwenye vishimo vya karatasi. Mwanzo nlisikitika. Alafu nikaongeza ukijivu kidogo kwenye mkonge pembeni, bluu kidogo zaidi, nikakaa nikaangalia. Dada kapita. Hakuuliza sherehe ya nani, kauliza kama nimepita pale kwenye duka la maandazi.

Picha ntaiweka kesho mchana, taa ya hapa inaifanya yote njano.